Ua Mzuri, Ua Zuri: Namna ya Kutengeneza Mahali pa Kupumzikia Nyumbani

Hebu tuanze na chemshabongo. Neno "ua" lina maana ngapi? Wapo watakaosema moja, wapo watakaosema mbili. Kwa hakika ni tatu. Kuna ua linalochanua mtini, ambalo wingi wake ni maua. Kuna ua wa nyumba, yaani ile nafasi ya wazi iliyozungushiwa uzio, ambao wingi wake ni nyua. Halafu kuna kile kitenzi cha kutoa roho. Mwalimu wetu alipotufunza ngeli alisema kwamba upatanisho wa kisarufi ndio hakimu. Ukisema "ua zuri" wataja lile la mtini, na ukisema "ua mzuri" wataja ule wa nyumba.

Siku hiyo darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka nusu tu, kwa maana maneno hayo matatu yalikuwa yamekwisha kukutana nyumbani kwetu. Sisi tuliuua ua wetu kwa mikono yetu wenyewe, kisha ikatubidi tuufufue. Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza ua wa kupumzikia, wenye baraza, kivuli na bustani, hapa kwetu Kwale na pwani ya kusini. Lakini kwanza nisimulie kisa chenyewe, kwani wahenga walinena kuwa mwana hutazama kisogo cha nina.

KISA CHA UA WETU

Nyumbani kwetu ni Msambweni. Tangu nipate akili, katikati ya ua wetu palikuwa na mwembe mkubwa ambao hakuna aliyekumbuka ulipandwa na nani. Chini ya mwembe huo ndipo bibi yangu alipotandika mkeka wake kila siku. Hapo alichambua mchicha, akakuna nazi, akapokea wageni wake. Hapo ndipo sisi wajukuu tuliposikia ngano za Sungura na Fisi pamoja na vitendawili vyote vya dunia. Nikiulizwa maswali ya fasihi simulizi darasani, mengi najibu kwa yale niliyoyasikia mkekani kabla sijajua kusoma.

Mwaka 2022, ukame ulipokuwa umeikaba Kwale, baba alichoka na ua ule. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na kila asubuhi mama ainama kufagia majani. Majirani wawili walikuwa wameshaweka simiti, na nyua zao zang'aa kama sahani. Baba alikuwa na nia njema jamani, alitaka mama apumzike. Mwembe ukakatwa, ukachomwa makaa. Mapema mwaka 2023 mafundi wakaja na toroli zao na makarai, wakamwaga mifuko arubaini ya simiti kutoka ukuta hadi ukuta. Ilipokauka, sote tulifurahi.

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Saa nane mchana hapakukanyagika kwa miguu mitupu. Usiku nao ungedhani kuna tanuri chini ya nyumba, kwani simiti hunywa joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Bibi alijaribu kutandika mkeka mara mbili tatu. Mara ya mwisho aliinuka, akaukunja mkeka wake, akamwambia baba, "Mwanangu, mmenitia kikaangoni." Baba hakuwa na la kujibu.

Tangu siku hiyo bibi akawa mtu wa chumbani. Wageni wake wakapungua, maana nani ataka kumwamkia mtu kitandani kila siku kama mgonjwa? Magoti yake yakakaza kwa kukosa kutembea. Ngano zikakoma. Dada yangu mdogo, ambaye alikuwa na miaka mitatu wakati huo, hakuwahi kusikia hata moja chini ya mti.

Kama hayo hayakutosha, mwezi wa Novemba mwaka huo huo zikaja zile mvua za El Nino. Maji yaliyokuwa yakizama mchangani sasa hayakuwa na pa kwenda. Yakatafuta mlango, yakaingia jikoni na kulowesha gunia la mahindi.

Jambo lililotufungua macho lilikuwa hili. Baba hufanya kazi katika hoteli moja ya Diani. Kazi yake ni kupanga viti chini ya mabanda ya makuti. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya, wakalipa fedha nyingi, ili wakae juu ya mchanga chini ya makuti wapate upepo wa bahari. Jioni moja baba alituambia, "Miaka yote hii sijaona mgeni akiomba kiti chake kiwekwe juu ya simiti." Alicheka, kisha akanyamaza. Mwaka 2024 tukaanza upya. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza kwa mafundi, kwa wazee, na kwa vitabu vya jiografia na kilimo.

MANENO MAWILI YENYE HEKIMA

Kabla ya kushika jembe, tuyatazame maneno mawili, kwani sisi ni chama cha Kiswahili.

La kwanza ni baraza. Asili yake ni kile kiti kirefu cha mawe au udongo kinachojengwa kuegemea ukuta wa mbele ya nyumba. Katika miji ya kale kama Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mabaraza bado yamepanga vichochoroni na watu bado huyakalia. Hapo watu walikunywa kahawa, wakapashana habari, wakasuluhisha ugomvi. Basi neno likapanda cheo likawa jina la mkutano wenyewe. Leo chifu huitisha baraza, na taifa lina Baraza la Mawaziri. Kumbe serikali nzima imeazima jina la kiti cha mbele ya nyumba!

La pili ni bustani. Neno hili lilitoka kwa Waajemi, na maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri. Kwa hivyo bustani isiyonukia imepoteza nusu ya jina lake.

Maneno hayo mawili yatuambia mahali pa kupumzikia pawe namna gani. Pawe mahali pa kukaa na wenzako, na pawe mahali ambapo pua na ngozi zitaburudika, si macho peke yake. Ua wetu wa simiti ulipendeza macho tu.

HATUA YA KWANZA: LIJUE JUA NA UJUE UPEPO

Watu wengi huanza kwa kununua vifaa. Hilo ni kosa. Anza kwa kukaa uani siku nzima na kalamu na karatasi. Andika kivuli kiko wapi saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Andika pia upepo watoka wapi.

Sisi tuko karibu nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini mwaka mzima. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini, mwezi wa Desemba huegemea kusini kidogo. Lakini jua linalotesa zaidi ni la alasiri, linalotoka magharibi wakati hewa na kuta zimeshapata moto. Kwa hivyo upande wa magharibi wa nyumba ndio unaohitaji mti au mmea mtambaao, na upande wa mashariki ndio wa kukaa alasiri, kwa sababu nyumba yenyewe huwa imekwisha kutupa kivuli upande huo.

Bahati yetu ni kwamba upepo nao wakubaliana na jambo hili. Pwani yetu imeelekea mashariki. Kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, hutoka kusini mashariki. Kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Pepo zote mbili hutoka upande wa baharini. Basi ukijenga baraza upande wa mashariki wa nyumba, wapata kivuli cha alasiri na upepo wa misimu yote miwili bila kulipa hata senti. Chunga tu usiuzibe upepo huo kwa ukuta mrefu. Uzio wa mimea au wa makuti hupitisha hewa, na bado wapita njia hawaoni ndani.

HATUA YA PILI: YAPE MAJI NJIA

Hapa hesabu yatakiwa, msikimbie! Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita mraba moja hutoa lita moja ya maji. Ua wetu una urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita mraba 80. Mvua kubwa ya masika ikinyesha milimita 50 kwa siku, ua huo hupokea lita 4,000. Hiyo ni mitungi 200 ya lita 20. Udongo wenye mizizi na majani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Simiti hainywi kitu, yote huyatuma kwako au kwa jirani.

Mambo matatu husaidia. Mosi, sakafu yoyote iteremke kutoka nyumbani kwenda nje, angalau sentimita mbili kwa kila mita moja. Fundi atumie pimamaji, asikadirie kwa jicho. Sakafu yetu ya kwanza iliteremka kuelekea jikoni, na hatukujua mpaka mvua ilipotuonyesha.

Pili, usifunike ua wote. Sisi tulivunja karibu nusu ya simiti. Tulitoa ukanda wa upana wa mita moja kandokando ya uzio, na kona moja ya mita nne kwa tano. Vipande tulivyovunja hatukuvitupa. Vingine tulivipanga kama njia ya kukanyaga, tukaacha mwanya wa mchanga kati yake, na vingine tulivijazia ndani ya baraza.

Tatu, chimba shimo la kunywea maji mahali pa chini kabisa, mbali na msingi wa nyumba, mbali na kisima na mbali na choo. Letu lina mita moja kila upande, limejazwa mawe na kokoto. Kando yake tulipanda migomba, kwa sababu migomba haijui kushiba maji. Tangu hapo maji hayajaingia jikoni.

Msinielewe vibaya, simiti si adui. Mahali pa kuoshea vyombo na njia ya kutoka mlangoni hadi langoni pafaa kuwa na simiti. Tatizo ni kuimwaga kila mahali kama kwamba udongo ni aibu.

HATUA YA TATU: KIVULI CHA LEO

Tulipoamua kupanda mwembe mwingine, bibi aliuliza swali moja tu: "Nao utanifunika lini?" Tukatazamana. Mwembe wa kupandikiza waweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, lakini kivuli cha kufunika watu kumi chataka miaka mingi zaidi. Bibi amevuka miaka themanini. Hapo mjomba, ambaye ni fundi wa kuezeka, akasema, "Mti muupande. Lakini mama aezekewe banda wiki hii."

Nadhani hilo ndilo fundisho kubwa la makala haya. Ua wahitaji vivuli viwili, kimoja cha kujengwa leo na kingine cha kupandwa leo kwa ajili ya kesho. Anayejenga tu ataezeka maisha yake yote, na anayepanda tu atachomwa na jua akingoja.

Banda letu lina mita tatu kwa nne. Nguzo ni za mvinje, ambazo wakulima wengi wa Kwale hupanda na kuuza. Zamani watu walitumia boriti za mikoko, lakini mikoko ndiyo uzio wa pwani yetu na kitalu cha samaki wetu, na kuikata bila kibali ni kosa. Wanakijiji wa Gazi wametufunza hilo kwa vitendo. Tangu mwaka 2013, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakipata fedha za kijiji kwa kuihifadhi mikoko badala ya kuikata.

Nguzo huzikwa kiasi cha sentimita 60, na sehemu ya kuzikwa hupakwa lami au oili chakavu ili mchwa wasile. Paa liwe na mteremko mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yakimbie. Makuti yakilala bapa huoza upesi. Yakiezekwa vizuri, kwa kubanana, huweza kukaa miaka mitano hadi saba. Uzuri wake ni kwamba hayapitishi joto kama mabati, na hewa ya moto hupenya juu ikatoka. Ubaya wake ni moto. Makuti makavu hushika kama karatasi, kwa hivyo usiweke jiko chini yake wala karibu nayo, na nyaya za umeme zisipite ovyo ndani ya paa.

HATUA YA NNE: KIVULI CHA KESHO

Sasa tuje kwenye miti. Kwanza ujue udongo wako. Kule juu Shimba Hills udongo una kina. Lakini Diani na sehemu nyingi za ufuoni, ukichimba kidogo tu jembe lalia "kwang'!" juu ya mwamba wa matumbawe. Usikate tamaa. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, tia udongo mzuri uliochanganywa na samadi, na chini weka makumbi ya nazi. Makumbi hushika maji kama sifongo. Juu tandaza majani makavu, ambayo huzuia jua lisikaushe udongo na baadaye huoza yakawa mbolea. Yale majani tuliyokuwa tukiyalaumu kwa kuchafua ua, kumbe ndiyo chakula chake.

Kama bado una shaka kuwa mwamba waweza kuzaa kijani, itazame Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Hapo kiwanda cha simiti kilichimba matumbawe mpaka pakabaki timbo tupu, jeupe, lenye maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti mahali hapo. Aina nyingi zilikufa, lakini mvinje ulistahimili. Majani yake yalipoanguka hayakuoza upesi, basi wakaletwa majongoo. Majongoo yakayala majani na kuyageuza kuwa udongo. Leo mahali hapo ni msitu uitwao Haller Park, na wanafunzi wengi wa pwani wameutembelea. Ikiwa jongoo ameweza kurejesha uhai juu ya timbo la simiti, sisi wenye mikono miwili tutashindwaje?

Mwalimu wa pili wa bustani yuko hapa hapa kwetu, nao ni msitu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani. Msitu huo ni miongoni mwa kaya takatifu za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ukiingia, ukiwa umejifunga kitambaa cheusi kama desturi itakavyo, wasikia ubaridi ghafla. Tazama ulivyopangwa: miti mirefu juu, midogo katikati, vichaka chini yake, na majani makavu ardhini ambayo hakuna anayeyafagia. Kila tabaka lapunguza ukali wa jua. Mpango huo waweza kuuiga nyumbani kwa udogo wake. Lakini usichukue mche wala hata jani kutoka kayani, kwani ni mwiko. Chukua mawazo tu.

Uani kwako, juu kabisa waweza kuweka mwembe, mkwaju au mkungu. Katikati weka mlimau, mstafeli, mpera au mkomamanga. Chini weka mchaichai, mrehani na maua. Mti mkubwa upandwe angalau mita sita kutoka kwenye nyumba na mbali na shimo la choo, maana mizizi haina adabu. Ukikaa ufuoni ambako upepo una chumvi, chagua yenye uvumilivu kama mkungu, mvinje na mnazi. Ila usiweke kiti chini ya mnazi! Nazi haibishi hodi.

Na mwarobaini, ambao wengi wetu twauita mkilifi, je? Kivuli chake ni kizuri na hukua upesi hata penye ukame. Lakini ni mti uliotoka Bara Hindi, na mbegu zake hubebwa na ndege mpaka umeanza kuisonga miti ya asili katika misitu yetu ya pwani. Ukiwa nao mmoja, mmoja watosha. Miche inayojiotea ing'oe ingali midogo. Mnyaa nao hufaa kwa uzio, lakini utomvu wake ukiingia machoni huunguza vibaya, basi usiupande penye watoto.

HATUA YA TANO: BARAZA LENYEWE

Baraza ni rahisi kulijenga, lakini vipimo vina maana. Urefu kutoka chini uwe sentimita 40 hadi 45, ili mzee mwenye magoti mabovu aweze kuketi na kuinuka bila kuvutwa mkono. Upana uwe sentimita 60 au zaidi, ili mtu aweze kukunja miguu au kujinyoosha. Sisi tulijenga kwa mawe ya matumbawe, ndani tukajaza vile vipande vya simiti, juu tukapiga lipu laini. Baraza letu limeegemea ukuta wa mashariki wa nyumba, na banda la bibi liko mbele yake.

Mchanga wa lipu usichotwe ufuoni. Licha ya kuwa twaumega ufuo wetu wenyewe, mchanga huo una chumvi, na lipu yake hubambuka kabla mwaka haujaisha.

Ukimaliza, usilipambe sana. Mkeka, mito miwili mitatu, kinara cha kuwekea dele la kahawa, na bao kwa wale wapendao mchezo. Haba na haba hujaza kibaba. Mahali pakijaa vitu, watu hukosa pa kukaa.

HATUA YA SITA: HARUFU, NA WAGENI WASIOALIKWA

Panda maua yanayonukia jioni karibu na baraza, kwa kuwa jioni ndipo watu hukaa. Asumini imeshika nafasi ya kwanza. Ichanuapo magharibi, hata mwenye hasira husema polepole. Mrehani na mchaichai ukiwaweka njiani, mtu akipita akavigusa kwa nguo vyanukia. Mlangilangi ni mzuri, ila wataka nafasi. Kama maji ni shida, na kwetu aghalabu ni shida, yatumie mara mbili. Maji ya kusuuzia mboga yaende kwa maua, maji ya kuoshea vyombo yaende kwa migomba.

Kuhusu wageni wasioalikwa, wa kwanza ni mbu. Homa ya dengi iliisumbua Mombasa mwaka 2013 na 2014, na chikungunya ikazuka mwisho wa mwaka 2017. Mbu wanaoeneza magonjwa hayo huuma mchana na hutaga katika maji machache yaliyotuama: kifuu cha nazi, tairi kuukuu, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Kila wiki zunguka uani, mwaga yote, na tangi lifunikwe. Bustani isiyozungukwa hugeuka shamba la mbu.

Wageni wa pili ni tumbili na kima, hasa kwa ndugu zetu wa Diani. Hao usiwalishe hata kidogo, na taka za jikoni zifunike. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, ni tofauti. Yeye hula majani na hupenda kupita juu kwa juu. Miti ikikatwa hulazimika kushuka na kuvuka barabara, hapo hugongwa na magari. Shirika la kuwahifadhi mbega lililoanzishwa Diani mwaka 1997 limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke salama. Ukiacha matawi ya miti yako yagusane na ya jirani, nawe umemwekea mbega ngazi bila gharama.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, nisikuchoshe. Leo ukija kwetu alasiri utamkuta bibi bandani. Magoti hayajapona, lakini hutembea mwenyewe kutoka chumbani hadi barazani, na wageni wake wamerudi. Dada yangu mdogo sasa ajua vitendawili kunishinda mimi. Baba akitoka kazini hukaa naye, na juzi nilimsikia akimwomba radhi kwa habari ya ule mwembe. Bibi alimjibu, "Wamwagilie huu."

Mwembe mpya umenizidi kimo kidogo. Bibi amehamisha kibao chake cha kutawadhia mpaka karibu nao, ili maji ya udhu yasipotee bure. Mara tano kwa siku mche ule hunyweshwa, na anayeunywesha ajua kwamba hatakaa chini yake. Nilipomuuliza kwa nini ajisumbue, alishangaa. "Kwani ule wa kwanza nilipanda mimi?"

Naomba nimalizie kwa ombi kwa chama chetu. Hapa shuleni, kati ya madarasa na maktaba, pana uwanja mtupu ambao saa saba mchana hata mbuzi hapiti. Twaweza kujenga baraza moja na kupanda miti mitatu, mmoja kwa kila kikundi cha chama. Mikutano yetu, mashairi yetu na malumbano yetu yafanyike hapo. Wanaotoka mwaka huu hawatafaidi kivuli chake, nao wajua. Lakini watakaosoma jarida hili miaka kumi ijayo watalisomea chini yake.

Basi na tutengeneze ua mzuri wenye ua zuri, na tusiuue. Wasalamu.